Chumba, miezi mitatu na burse: namna ya kumpokea msanii chipukizi hapa Lubumbashi

Kila mwaka watoto wanamaliza pale Académie des Beaux-Arts, wanapiga picha na toga, familia inapika, watu wanacheza, halafu miezi sita baadaye unamkuta mmoja anaandika bango la saluni Katuba, mwingine anauza krediti na mega chini ya mwavuli, mwingine anachora portreti ya marehemu kwa kufuata kipicha cha pasipoti juu kilio ni kesho na familia inataka kitu kikubwa. Mi sidharau hizo kazi, bango limelisha wachoraji wengi kwa huu mji. Lakini muulize kijana kazi zake mwenyewe ziko wapi, atakuambia "yaya, ntafanya nikipata muda", na huo muda haupati.

Kipaji anacho. Ushauri amepewa mpaka masikio yamejaa. Kitu hana ni miezi mitatu ambayo hakuna mtu nyumbani atamuuliza jioni "leo umeleta nini?". Rezidansi ni hiyo tu: chumba, muda, na burse, yaani pesa kidogo ya kila mwezi ya kunyamazisha hilo swali. Sisi tumefanya mara nne kwa parsele (kiwanja chenye nyumba) moja mtaa wa Kampemba, mbili zilienda vizuri, moja nusu nusu, na ile ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Naandika vile tunafanya sasa, na wewe utakata kulingana na mfuko wako.

1. Kwanza amua wewe hutakuwa nani

Hii hatua watu wanairuka juu haina gharama. Usiiruke.

Mambo haya hayakuanza jana hapa. Mwaka 1946, mji ukiwa bado unaitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua atelye iliyoitwa Le Hangar. Mle ndani njo walitokea Pilipili Mulongoy na samaki na ndege wake, Bela aliyekuwa anapaka rangi kwa vidole bila brashi, Mwenze Kibwanga na vile vimistari vyake vya kupishana. Walipewa mahali, walipewa rangi, wakaambiwa wasiige Wazungu, na kazi zao ziko makumbusho mpaka leo. Sawa, chumba na muda vinafanya kazi, hilo limeonekana. Lakini tazama na upande wa pili, aliyekuwa anaamua kipi ni cha Kiafrika kweli na kipi siyo alikuwa nani? Mwenye hangar.

Halafu kuna wale wachoraji wa mitaani wa miaka ya 70, wa Mamba Muntu (mwanamke nusu samaki), wa Inakale (mtu aliyezingirwa na wanyama wakali), wa Colonie belge (mateso ya wakati wa Wabelgiji), zile picha zilizokuwa zinatundikwa kwa salon za wafanyakazi. Wao hawakuwa na mwenye hangar, walikuwa na klienti, na klienti akitaka Mamba Muntu mwenye saa mkononi basi unachora Mamba Muntu mwenye saa mkononi, kesho tena, kesho kutwa tena. Mmoja wao, Tshibumba Kanda-Matulu, alikuwa na wazo kichwani la kuchora historia ya nchi nzima, na alipopata mtu wa kununua ile safu yote bila kumpangia, mtaalamu wa anthropolojia Johannes Fabian, alitoa picha kama 100 ndani ya 1973 na 1974.

Kwa hiyo kabla ya yote mwandikie huyo msanii, hata kwa daftari: mi sitakuwa mwenye hangar, na sitakuwa klienti. Sichagui mada, sichagui rangi, siagizi picha ya mke wangu. Kama unajijua huwezi kujizuia (wako watu hawawezi, na si dhambi) basi nunua picha tu kwa bei nzuri, utakuwa umesaidia pia.

2. Chumba

Usikodi. Mwenye nyumba atakudai garanti ya miezi kadhaa na pesa ya burse itaishia pale pale kabla brashi haijalowa. Tafuta garaji isiyo na gari, depo ya mtu aliyefunga butiki, darasa wakati wa likizo kubwa, nyuma ya paroasi. Sisi tulipewa depo ya kuwekea saruji na mama mmoja wa jirani, tulifagia siku tatu na bado tulikuwa tunapiga chafya.

Mambo ya kuangalia: bati lisivuje, mlango uwe na kufuli na funguo mbili (moja ya msanii, na hiyo ya pili usiitumie bila kupiga hodi), maji yawe karibu, na hewa ipite. Dirisha sasa. Vitabu vya Ulaya vinasema dirisha la atelye litazame kaskazini, na nimeona watu hapa kwetu wanafuata hivyo hivyo kama sala. Sisi tuko kusini ya ikweta, nyuzi 11 na zaidi, mwezi wa sita jua linapita upande wa kaskazini mchana kutwa. Mwanga uliotulia kwetu unatoka dirisha la kusini. Ukikosa, tundika shuka jeupe, inatosha.

Umeme usiutegemee, utakatika, na utakatika siku anayotaka kumaliza. Panga kazi na jua, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na taa ya kuchaji kwa ajili ya kusoma na kuchora penseli usiku. Kama anafanya video au sauti hapo ni hesabu nyingine, tafuta batri au uelewane na jirani mwenye jenereta na uandike nani analipa mafuta.

Na moto. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya linseed ukivikunja kwa rundo vinaweza kujiwasha vyenyewe bila kiberiti, hii si hadithi ya kutisha watoto. Vianikwe nje, kimoja kimoja. Mbabula (jiko la makala, yaani mkaa) isiingie ndani ya atelye hata kama ni baridi ya mwezi wa sita, hata kama ni chai tu, juu ya terebentini na pia juu ya moshi wa makala ndani ya chumba kilichofungwa, ambao unaua.

Msimu nao ni sehemu ya chumba. Kiangazi, mwezi wa tano mpaka wa tisa, rangi ya maji inakauka haraka lakini vumbi jekundu linaganda juu ya kila kitu kibichi. Masika, kuanzia mwezi wa kumi na moja, rangi ya mafuta inakawia kukauka na karatasi zinajikunja. Sisi tunachagua mwezi wa tano mpaka wa saba.

3. Pesa, na hapa nitakaa

Mfano wetu wa mara ya mwisho, kwa mtu mmoja, miezi mitatu:

Burse yenyewe dola 150 kwa mwezi, jumla 450. Vifaa 250. Transpo ya msanii mkubwa anayekuja kumtembelea 60. Siku ya mlango wazi 100. Mfuko wa dharura 90. Jumla 950.

Si pesa ndogo, najua. Tuliipata kwa likelemba (mchango wa kupeana zamu) ya watu kumi na wawili ambayo zamu mbili zilitengwa kwa hiyo kazi, na iliyobaki ikatoka kwa rafiki walioko nje. Ukipungukiwa punguza miezi, fanya miwili, lakini usipunguze burse ya mwezi, juu hiyo ikipungua kijana anarudi kuandika mabango mchana na anakuja atelye usiku amechoka, na hapo hujanunua kitu.

Kuna wanaosema "mimi natoa chumba na rangi, chakula atajua mwenyewe". Atajua vipi? Rangi hailiwi na bukari (ugali). Nimeona kijana akiuza tyubu mbili za akriliki, mpya, kwa bei ya kutupa, apate kununua debe la unga nyumbani kwao, na mwenye rezidansi akamwita mwizi. Kwangu mimi kosa lilikuwa la bajeti.

Sasa aibu yetu ya kwanza. Tulimpa kijana burse yote kwa siku moja, bahasha, picha, makofi. Wiki ya pili mjomba wake akafariki. Wewe mwenyewe unajua kilio kinavyokula, na mtu akijulikana ana dola basi yeye njo anakuwa mkubwa wa familia ghafla. Pesa ikaisha kwa siku nne. Sisi tukakasirika, tukamsema mbele za watu, akaacha kuja. Leo naona hakukosa, angefanya nini, akae na bahasha huku mjomba hajazikwa? Tangu hapo tunafanya hivi: burse inatoka mara mbili kwa mwezi, tarehe zinajulikana, inatumwa kwa simu (M-Pesa, Airtel Money, Orange Money, yeye achague, na ada ya kutoa tunaongeza sisi), na yeye ana ruhusa kuambia familia "pesa iko kwa wao, bado hawajatuma". Hiyo sentensi peke yake imeokoa rezidansi mbili. Na pesa ya kwanza ya mwezi tunamwambia wazi, kata sehemu peleka nyumbani, ni sawa, haihesabiwi kama matumizi mabaya.

Usimdai risiti za burse. Burse ni yake, akinunua viatu ni viatu. Risiti ni za ule mfuko wa vifaa, na hata huo, muuzaji wa turubai Marché Kenya atakupa faktire wapi? Weka daftari moja: tarehe, kitu, bei, sahihi. Mnunue pamoja mara ya kwanza. Akriliki nzuri na brashi mara nyingi zinapanda kutoka Afrika Kusini na Zambia kupitia Kasumbalesa, kwa hiyo ukiwa na mtu anayepita mpakani mpe orodha mapema, na mpe noti safi, juu dola yenye kuchanika hata kidogo pembeni itarudi na wewe. Na usilazimishe turubai ya kizungu, magunia ya unga yamebeba historia nzima ya uchoraji wa huu mji, yafuliwe, yavutwe vizuri kwa fremu, yapakwe rangi nyeupe ya ukuta mara mbili.

Kampuni ikija na pesa, pokea ukipenda, lakini soma wanataka nini. Mmoja alitaka logo yake kwa ukuta wa atelye, sawa, halafu akataka picha tano za malori ya mgodi kwa ofisi. Tukamwambia hiyo ni komandi, na bei ya komandi ni nyingine.

4. Tangazo na kuchagua

Tangazo la Kifaransa kizito, kurasa nne, la kutuma kwa email, litakuletea wale wale wanaojua kuandika dosie, si lazima wale wanaojua kuchora. Sisi tunapokea vokali (ujumbe wa sauti) ya WhatsApp, Kiswahili, dakika tatu: we ni nani, unafanya nini, ukipewa miezi mitatu utafanya nini. Na picha tano za kazi zilizopigwa kwa simu. Basi. Tangaza kwa Académie lakini pia kwa wachonga malakiti (lile jiwe la kijani), wapiga nyundo wa shaba, wachora mabango, mafundi wa redio wanaotengeneza vitu vya ajabu na waya. Chipukizi si umri, tulipokea baba wa miaka 38 mwenye watoto wanne aliyekuwa hajawahi kuonyesha kazi yake popote.

Wachaguzi watatu wanatosha, mmoja msanii, mmoja mtu wa nje ya kundi lenu, na angalau mmoja mwanamke. Mpwa wako asiombe. Waliokosa wajibiwe wote, hata kwa vokali ya sekunde ishirini, mtu akinyamaziwa anaamini kulikuwa na mchezo.

Kwa wasichana kuna kazi ya ziada na inabidi uifanye kabla, si baada. Nenda kwao. Kaa na mama na baba, kunywa kile watakupa, eleza chumba kiko wapi, nani yuko kwa parsele, anarudi saa ngapi. Mama mmoja alituuliza "sasa huyo mtoto atalala wapi, na funguo iko na nani?" na alikuwa na haki kuuliza. Tukamwachia namba ya mama mwenye depo, wakapigiana, wakawa marafiki, na kila Jumamosi alikuwa analeta sombe (majani ya muhogo).

5. Karatasi

Ukurasa mmoja, Kiswahili na Kifaransa, nakala mbili, na msomeane kwa sauti. Iseme: tarehe za kuanza na kuisha, pesa ngapi na siku gani, vifaa vinavyobaki ni vya nani (vyake), kazi ni za nani (zake, zote). Hii tabia ya kudai "picha mbili zibaki kwa centre kama shukrani" siipendi kabisa. Akitaka kukuachia moja atakuachia mwenyewe, achague yeye ipi, na siku ile bila presha. Kikiuzwa kitu kupitia mlango wako mnaweza kuelewana asilimia 20 ya kurudisha kwa mfuko wa rezidansi ijayo, ikiwa imeandikwa kabla. Andika pia kama utaweka picha za kazi zake mtandaoni lazima jina lake liwepo, na video yake akiwa anafanya kazi lazima akubali.

Na mstari mmoja wa kuondoka: akitaka kuacha katikati, anasema wiki mbili kabla, hadaiwi alichokwisha kula.

6. Miezi yenyewe

Wiki ya kwanza usitegemee kitu. Atalala sana, atapanga rangi, atatembea. Mpeleke Makumbusho ya Lubumbashi, mpeleke akae karibu na terril, lile rundo la mabaki ya kuyeyusha shaba, alitazame pamoja na bomba lake kama vile hajawahi kuliona, ingawa amezaliwa chini yake. Wiki ya tatu huwa ni mbaya, anasema kila kitu ni takataka, anataka kuchoma. Mwache, mfichie kiberiti.

Kila wiki mbili aje msanii aliyemtangulia, wakae pamoja kwa muda wa masaa mawili. Sheria ni moja tu: mzee asishike brashi. Wakubwa wetu wanapenda kusahihisha kwa mkono, "leta nikuonyeshe", na kabla hujakohoa ameshabadilisha jicho la mtu kwa turubai isiyo yake. Aulize, aseme, mikono mfukoni.

Wewe mwenyewe usipite kila siku. Ukileta wageni, piga simu kwanza. Kijana wetu mmoja alisema alikuwa anajiona kama kuku wa kuuzwa, kila jioni mtu anakuja kumgeuza geuza.

Mfuko wa dharura ni kwa malaria, jino, funguo iliyopotea. Utatumika, usiugeuze kuwa bia ya siku ya mwisho.

7. Mlango wazi

Jumamosi mchana, si usiku, ili mama zake na jirani waje. Usiite vernisaji, watu wa kartie wataogopa nguo zao. Bei ziandikwe kwa karatasi tangu asubuhi: vifaa, jumlisha siku alizofanya kazi mara kiasi cha siku anachoona ni haki, na bei hiyo haishuki kwa sababu ya rafiki yako mwenye gari kubwa. Usipouza kitu si msiba, ile ya pili tuliuza picha moja tu, na ndiyo iliyofika mbali zaidi.

Kabla ya watu kuja, piga picha kazi zote. Nje, kivulini, saa mbili au tatu asubuhi, simu ikiwa sawa na katikati ya kazi, bila flash. Kwa kila moja andika jina, mwaka, vifaa, urefu na upana kwa sentimita. Weka kwa flash disk na kwa email yake, na nakala moja kwako, juu simu zinaibiwa.

8. Baada ya hapo anaenda wapi

Hapa hapa mjini anza na kituo cha sanaa kinachoitwa Picha, ambacho tangu 2008 kinaandaa ile biennale (maonyesho ya kila miaka miwili) ya Lubumbashi na kina atelye za kusindikiza wasanii vijana, na kituo kingine, Waza, ambao nao wanapokea wasanii na wanafanya kazi nyingi na jumuiya za mitaa. Aende mwenyewe, ajulikane uso, kabla ya kuomba chochote.

Nje kuna atelye za wasanii za Bag Factory ya Johannesburg, ipo tangu 1991. Kuna rezidansi ya Thami Mnyele kule Amsterdam ambayo ni kwa wasanii wa Afrika na diaspora, na mji huo huo una rezidansi ya Rijksakademie, miaka miwili, na ushindani wake ni mkali. Cité internationale des arts ya Paris ina atelye zaidi ya 300. Prince Claus Fund, mfuko wa utamaduni wa Uholanzi, nayo ilianzisha mwaka 2021 tuzo za wanaoanza, euro 5,000, ambazo huhitaji kusafiri kuzitumia, na kwa msanii wa kwetu hiyo mara nyingi ni bora kuliko ndege.

Soma vizuri kila tangazo: nyingine zinatoa chumba bila pesa, nyingine hazilipi tiketi. Anayeomba dola 200 za "kufungua dosie" kwa WhatsApp, mblok. Na hesabu viza, juu kwa nchi kadhaa inabidi upande ndege mpaka Kinshasa kwanza, ulale huko, urudi, na hizo pesa hakuna anayezitaja kwa tangazo. Ndiyo maana sisi pasipoti tunamwanzisha mwezi wa kwanza wa rezidansi, wakati bado ana burse na hajaomba popote, kuliko kusubiri ile barua ya kukubaliwa ifike ikiwa imebaki wiki tano.